Oili ya Boti Katika Skuta ya Babangu

Juzi ilipita skuta ya kizamani katika uchochoro wetu hapa Kuze, moja ya zile chache zilizobaki, ikaacha moshi wa buluu nyuma yake. Wanawake waliokuwa wamekaa mlangoni walivuta ncha za mitandio yao wakaziba pua, na kijana mmoja akasema vyombo hivi vingefaa kupigwa marufuku. Mimi nilisimama katikati ya moshi nikauvuta. Yule kijana akaniuliza, "Bi mkubwa, u mzima?" Nikamwambia aende zake, mimi nina shughuli. Sikuwa na shughuli yoyote. Nilikuwa nikimnusa babangu.

Walio rika langu hawahitaji kuelezwa. Wakati ule tuktuk hazijaujaza mji, skuta zilikuwa na wenyewe, na kila moja ilijulikana kwa mlio wake na kwa moshi wake. Injini zake zilikuwa za tustroki, zile ambazo oili haikai peke yake chini kama ya gari. Huchanganywa na petroli ndani ya tangi, ikaungua pamoja nayo. Kwa hivyo oili unayoitilia ndiyo moshi utakaorudishiwa. Babangu alikuwa fundi wa boti ndogo za kazi kule Kilindini, na skuta yake aliitilia oili ya boti. Nyingine hakutaka hata kuisikia. "Oili hii yastahamili maji ya chumvi," akisema, akiimimina kwa ukarimu bila kipimo, "ije ishindwe na lami ya Kuze?" Watu walimwitikia. Sisi tumezungukwa na maji pande zote, na mtu wa bahari akisema neno juu ya injini, nani atambishia? Nusu ya skuta za mtaani zilikuwa zikinywa oili ya boti, na wenyewe wakijisifu.

Mimi nilikuwa nikisoma chuo cha Kurani nyuma ya msikiti, na alasiri babangu alikuja kunichukua. Kabla mlio haujafika, harufu ilikuwa imeshaingia dirishani, tamu kidogo, kali kidogo, yenye mafuta ndani yake. Nilifunga msahafu wangu papo hapo, na mwalimu wetu alikuwa ameshachoka kunikemea. Kwa akili yangu ya utoto niliamini kwamba ule moshi hautoki kwa skuta, unatoka kwa babangu mwenyewe. Niliona kila nyumba ina udi wake, ukiingia kwa fulani unajua uko kwa fulani, basi nikaona ni haki kila baba naye awe na moshi wake. Mwenzangu mmoja babake alikuwa akija kwa miguu. Nilimhurumia sana, nikawa namgawia visheti vyangu.

Babangu alikufa kwa presha, ghafla, akitoka kuoga. Mamangu akaingia eda, akakaa ndani kwa nguo nyeupe, haonekani na wanaume wasio maharimu zake, na skuta ikakaa ukumbini imefunikwa shuka. Watu waliingia na kutoka wakinipapasa kichwa, wakiniambia babangu amekwenda kwa Mola wake. Sikuwaamini sana. Wakishaondoka nilikuwa nikifunua shuka, nikifungua kifuniko cha tangi, nikichungulia na kunusa. Alikuwemo. Na chini ya ngazi kulikuwa na galoni la oili yake, limejaa zaidi ya nusu. Nilifanya hesabu zangu: petroli ikiisha tangini atapungua, lakini maadamu galoni lipo, babangu yupo.

Kwa hivyo siku ami alipokuja, akaivuta shuka na kuipiga skuta teke iwake, nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Ami ni mdogo wake babangu, mwenye duka la vyombo vya jikoni kule Bondeni, mtu wa kucheka kwa sauti na kuamua mambo kwa sauti. Alisema anaiwasha isiharibike kwa kukaa bure. Mimi niliona anamchoma babangu bila sababu. Nikamng'ata mkono. Sisemi kwa kujuta. Ningeweza kumng'ata tena.

Lakini shida ya ami haikuwa skuta kukaa bure. Alikuwa na mtoto wake wa kiume ndiyo kwanza apate leseni, na mambo mengine ya mirathi yalikuwa yameshagawanywa, ikabaki hiyo skuta. Alisema na mamangu kutoka upande wa pili wa pazia.

"Shemegi, chombo hiki ni cha kiume. Wewe wataka kukifanya nini?"

"Nataka kwenda kazini nacho," mamangu akajibu.

Mamangu alikuwa mkandaji. Mwanamke akishajifungua, alikuwa akienda kumkanda na kumwogesha kila asubuhi mpaka atimize arubaini yake, na mtoto vilevile. Babangu ndiye aliyekuwa akimpeleka kabla ya zamu yake, nyumba za Kuze, za Bondeni, mpaka Kisauni ng'ambo ya daraja. Pia ndiye aliyemfundisha kuendesha, siku za Jumapili kwenye barabara tupu za Kilindini, jambo ambalo ami hakuwa akilijua. Pasipo skuta, nyumba za mbali zingemwendea mkandaji mwingine, na hizo ndizo zilizokuwa zikitulisha. Ami alisema haya, tutaona. Akasema mbele ya Bibi, mamake babangu, kwamba chombo hukaa kwa anayekijua, na kikimfia mwanamke huyu mkononi, ukoo utakichukua. Bibi hakusema ndiyo wala la. Tangu msiba ule Bibi alikuwa hasemi.

Eda ilipokwisha, mamangu alivaa buibui lake, akalikusanya, akaipanda. Kuze nzima ilitoka madirishani. Kuna waliosema astaghfirullah, na kuna mabibi waliopiga vigelegele nyuma ya mapazia, nawajua kwa sauti zao. Mamangu hakumtazama hata mmoja. Alinipakia nyuma, kapu la mafuta yake ya kukandia katikati yetu, akaenda. Aliitilia oili ileile ya babangu, kwa ukarimu uleule, kwani hivyo ndivyo alivyomwona akifanya. Na mimi huko nyuma nilikuwa na raha isiyo kifani, maana babangu alikuwa akitufuata barabara yote.

Siku moja skuta ilitushikia kwenye mwinuko wa kupandia Daraja la Nyali. Injini ilitoa mkwaruzo, gurudumu la nyuma likakwama likaburura lami, na kama mamangu hangebana klachi upesi tungelala chini ya lori. Tukasukuma mpaka kando. Wanaume waliokuwa wakipita walicheka. Mmoja akasema, "Mama, mrudishie mwenyewe!"

"Mwenyewe ndiye mimi," mamangu akamwambia, na jasho linamtiririka usoni. "Wewe shika nyuma usukume au pita."

Alisukuma. Lakini habari ilifika Bondeni kabla yetu, na jioni ami alikuwa ukumbini kwetu amekunja mikono. Alisema hitima ya mwaka ya ndugu yake inakaribia, ukoo wote utakuwa pamoja, na siku hiyo jambo la skuta litakatwa. Alisema chombo kilichokwenda miaka na miaka mkononi mwa marehemu kimekufa kwa mwanamke katika muda mfupi. Ushahidi gani mwingine watu wanautaka?

Mamangu alilala na neno hilo. Asubuhi tukaisukuma skuta mpaka kwa Kazungu, fundi wa Kigiriama aliyekuwa na kijibanda Bondeni, mtu mpole anayesema akitazama chini. Akaifungua silinda. Alikaa muda akiigeuza pistoni mkononi, kisha akauliza, "Mama, oili hapa akichanganya nani?"

"Marehemu mume wangu."

Kazungu akafuta mikono yake kwa tambara, kidole baada ya kidole. "Mungu amrehemu," akasema. Kisha akaanza kuzunguka, kama wanavyozunguka watu wote kwetu wanapotakiwa kumtaja aliyelala. Akasema oili ile si mbaya, ni nzuri sana. Ila ni ya injini inayopozwa na maji. Boti i ndani ya bahari, injini yake haipati moto wa kupindukia. Skuta haipozwi na kitu ila upepo, ndani kwake kunawaka moto mkali zaidi, na moto ule oili ya boti haiuwezi. Inageuka masizi, masizi yanagandisha ringi za pistoni, na chuma kinasuguana na chuma. Tena ikitiwa nyingi ndiyo mbaya zaidi, akasema, kisha akaongeza upesi kwamba hamlaumu mtu.

Mamangu aliyapokea haya bila taabu. "Mzazi akishajifungua mgongo wake naukanda kwa mafuta ya simsim yenye moto," akasema. "Mtoto mchanga nampaka ya nazi, baridi. Nikiyabadilisha, mtoto atoka vipele mwili mzima, na mafuta hayana kosa lolote."

"Ndiyo hivyo, mama."

"Basi niambie ya mtoto ni yapi."

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya tairi kuukuu nikimchukia Kazungu. Nilielewa kitu kimoja tu katika maneno yao yote: wanataka kumtoa babangu.

Tulikwenda kununua oili. Muuza vipuri alimwekea mamangu oili ya boti juu ya kaunta. Mamangu akaisukuma pembeni. Akamwekea oili ya gari. Akaisukuma pembeni nayo, kwani Kazungu alikuwa amemwambia ya gari ina dawa ndani yake inayoacha majivu juu ya plagi. Akataka ile ya tustroki ya injini inayopozwa kwa upepo, tena ile isiyo na moshi mwingi.

"Mama, chukua hii ya boti, ndiyo kali," muuzaji akasema. "Watu wote hapa mjini watumia hii."

"Skuta yangu hailali majini."

Mtu yule alicheka, akawatazama wateja wengine wacheke naye. "Mwambie baba watoto aje mwenyewe, tutaelewana."

"Nikamwite kaburini?" mamangu akasema. "Nikupe zamu, ukamwite wewe?"

Muuza vipuri akapanda ngazi, akafuta vumbi kwenye chupa iliyokuwa rafu ya juu, akaileta. Mamangu aliigeuza akasoma maandishi yote ya nyuma, pole pole, watu wakimngojea. Mimi nilikuwa karibu niingie chini ya kaunta kwa aibu. Leo nikikumbuka natamani ningesimama juu yake.

Kazungu alitia pistoni nyingine na ringi zake, akaliosha tangi, akamwonyesha mamangu kipimo. Lile galoni la chini ya ngazi mamangu alimpelekea mwenzake babangu kule Kilindini, litumike botini, mahali pake. Alilitoa nikiwa chuoni. Alijua angenikuta nimelikumbatia.

Siku ile ile alikuja kunichukua. Nilikuwa nimekaa na msahafu wangu nikingoja harufu, na harufu haikuja. Wenzangu wakaanza kutoka mmoja mmoja. Mwalimu akaniambia, "Mbona hwendi? Mamako yuko nje yuwakungoja." Nikachungulia: mamangu yupo juu ya skuta, injini inanguruma vizuri kuliko ilivyowahi kunguruma, na nyuma yake hakuna kitu, ni uzi mwembamba tu wa moshi usionuka chochote. Ndipo nilipojua kwamba babangu amekufa. Si siku ile walipomtoa na jeneza. Ni pale, mlangoni pa chuo.

Nikakataa kupanda. "Mrudishe," nikamwambia mamangu mbele ya watu. "Mrudishe ndani."

"Nimrudishe nani?"

"Baba!"

Nikaanza kwenda kwa miguu. Mamangu hakunikimbilia wala hakunipigia kelele. Alinifuata kwa skuta, nyuma yangu hatua chache, kwa mwendo wa mtoto, kupitia kila uchochoro. Waliokaa mabarazani walisimamisha mazungumzo. Mama mmoja akamwambia, "Mchape huyo!" na mamangu akamjibu kwamba mtoto anamlilia babake, na yeye ana mafuta ya kutosha kumfuata mpaka amalize.

Nyumbani aliniketisha ukumbini, akatoa ile pistoni ya zamani kwenye gazeti, akaniwekea mapajani. Ilikuwa nzito, upande mmoja imechakaa kwa mikwaruzo mirefu, juu yake na pembeni imegandiwa na kitu cheusi. Nikaikwangua kwa ukucha. Nikanusa ukucha wangu. Ilikuwa ile ile harufu, yote, imejikusanya pale. Niliitazama mikwaruzo ile, nikaipitishia kidole, ikanikwaruza. Nilikuwa mtoto, sikuwa mjinga. Nikafahamu kwamba kile nilichokuwa nikikinusa kwa furaha dirishani kila alasiri kilikuwa chuma kikiungua, na aliyekuwa akikiunguza ni babangu mwenyewe, anayekipenda. Nilimkasirikia babangu. Hilo la kumkasirikia ndilo lililoniuma kuliko kufiwa, kwani hakuna aliyeniambia kwamba inaruhusiwa.

"Kwa nini hakuuliza?" nikamwambia mamangu.

Mamangu akaitwaa pistoni. "Marehemu hasemwi," akasema, akaifunga kwenye gazeti lake.

Hitima ya mwaka ilisomwa kwa Bibi. Wanaume walipomaliza na kunywa kahawa wakaenda zao, wakabaki wa ukoo tu, sisi wanawake tumejistiri upande mmoja, ami na mwanawe upande mwingine, Bibi katikati kitandani pake na tasbihi. Ami alisema vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alimsifu ndugu yake mpaka watu wakafuta machozi. Alisema marehemu alikuwa bingwa wa injini mji mzima, aliishughulikia ile skuta kwa mikono yake, injini haijapata kushika hata siku moja, na leo mambo yako wapi? Imelala njiani, imefunguliwa kwa fundi wa kijibandani, imetiwa oili ya kubahatisha. Kwa heshima ya marehemu, akasema, irudi kwenye mikono ya kiume.

Nilimtazama mamangu. Alikuwa na la kujibu, nililiona limefika mdomoni, na akalimeza. Angeweza kumkabili muuza vipuri na wanaume wa njiani na Kuze nzima, lakini pale, mbele ya mama mzazi wa mumewe, siku ya kisomo chake, hakuweza kusema kwamba marehemu alikosea. Ami alilijua hilo. Alikuwa ameijenga hotuba yake yote juu yake.

Nikasimama.

"Haikumfia mamangu," nikasema. "Babangu ndiye aliyekuwa akiiua. Alikuwa hajui oili."

Mtu aliangusha kikombe. Ami alinikodolea macho. "Umesema nini wewe?"

"Baba alikuwa hajui oili ya skuta. Ile ni ya boti. Nimeiona pistoni."

"Mwana huyu hana adabu!" Ami akamgeukia mamangu. "Haya ndiyo unayomfundisha? Mwambie aombe radhi. Sasa hivi, aombe radhi kwa babake!"

Wote wakamtazama mamangu. Neno moja tu lingetosha, na amani ingerudi, na skuta ingekwenda kwa ami. Alinitazama mimi, akamtazama Bibi, kisha akasema.

"Aombe radhi ya lipi? Amesema uwongo?"

Bibi akaacha kuzungusha tasbihi. Sisi tulikuwa tumeshazoea kimya chake, hata tukasahau kwamba anasikia. Alianza kutikisika mabega, nikadhani nimemuua, kumbe anacheka, na machozi yanamdondoka kidevuni.

"Mwanangu alikuwa mbishi," akasema. "Tangu mdogo. Hata ile dawa ya presha, daktari alimwambia anywe moja kila siku, akasema mwili wake audhibiti mwenyewe. Akinywa akitaka. Nikimwambia, mwanangu, muulize daktari, anambia mama, mimi ni fundi." Alifuta uso kwa leso. "Mwaka mzima mwaja hapa mwamsifu. Mwamsifu mpaka simjui mimi mwenyewe. Mtoto huyu ndiye wa kwanza kunitajia mwanangu."

Bibi akamwita mamangu kwa mkono, akamkalisha karibu yake, akamwambia ami bila kumtazama kwamba fungu lake yeye katika skuta ile amempa mkwewe, na yeye ami kama ana fungu lake aje achukue tairi. Ami akainuka, akamvuta mwanawe, na mlangoni akasema tena kwamba sina adabu. Mpaka leo tukikutana Bondeni hunisalimia kwa shingo upande, nami humwamkia shikamoo kwa sauti kubwa, wote wasikie.

Tulipotoka kulikuwa na mzazi Kisauni anayengoja kukandwa, na mamangu tayari alikuwa amechelewa. Alinipakia bila kusema lolote. Nililia njia nzima, uso nimeufukia mgongoni mwake, na kwa mlio wa injini hapakuwa na aliyenisikia. Nilimlilia babangu, yule mbishi, kwa mara ya kwanza. Radhi sikumwomba siku ile na sijamwomba bado. Namwombea kila Alhamisi, rehema na nuru na nafasi kaburini mwake, namwombea kwa moyo wangu wote, na nikishamaliza humwambia: kwa oili, baba, ulikosea.